Uji wa Mjane

Mara ya pili kurudishwa, Mwamvua hakuondoka. Alijikunyata pembeni mwa ua wa msikiti wa Nyasubi, bakuli amelifunika kwa upindo wa kanga, akawa anatazama wenzake wanavyopewa.

Jiko lenyewe lilikuwa mafiga matatu na sufuria moja kubwa la shaba, lile lililokuwa likipikiwa pilau ya Maulidi kabla nzige hawajashuka. Mwaka ule nzige walikula mtama ukiwa mchanga, na mvua iliyofuata haikutosha hata kulaza vumbi. Waislamu wa Kahama wakachanga, mwenye duka na asiye nalo. Magunia machache yakaletwa kutoka stesheni ya Isaka, na kila siku baada ya sala ya adhuhuri uji wa mtama ukagawiwa bure kwa kila mwenye njaa, awe Mwislamu, awe wa misheni, awe wa mizimu ya babu zake. Ndivyo ilivyotangazwa. Lakini sufuria lilikuwa moja, na wenye njaa walikuwa mji mzima pamoja na vijiji vyake. Haukupita muda pakawekwa sharti: wajane kwanza, na mayatima, na wazee, na wagonjwa. Hao wa kwanza wakawa ndio wa mwisho pia, maana walipokwisha kupita, sufuria lilibaki na ukoko tu.

Kata ya kugawia ilikuwa mkononi mwa Bi Mwaisha, mwanamke wa makamo mwenye asili ya Umanyema, mjane wa mfanyabiashara wa ngozi. Hakuwa mkali kwa tabia. Ukali alijifunza pale jikoni, kama mtu anavyojifunza kuvumilia moshi.

"Mama Mwahija," alimwambia Mwamvua alipomwona bado amekaa, "jana nilikwambia, na leo nimekwambia. Mumeo yuko wapi?"

"Yuko Geita, Mama. Kwenye dhahabu."

"Yeye yuko kwenye dhahabu, na wewe unataka uji wa mayatima?"

Baadhi ya watu wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Mwenye kupewa hucheka kwa urahisi.

"Tangu aende hajaleta kitu, Mama. Wala salamu."

"Mtafute mtu amwandikie. Nenda nyumbani, mwanangu, nigawie wengine."

Kwenye safu sasa ilikuwa zamu ya Mageni, Msukuma wa kijiji cha jirani, mtoto wake Mabula amembeba mgongoni kwa kipande cha shuka. Naye aliulizwa habari ya mumewe, akajibu kwa Kiswahili chake kizito, "Yupo. Machimboni," akaambiwa arudi. Wanawake hao wawili wakatoka uani pamoja. Walipofika penye njia panda, Mageni akasema, "Kesho tena, mayu." Kwa Kisukuma mayu ni mama, na Mageni alimwita hivyo kila mwanamke aliyemheshimu. Kisha akashika njia ya kwao.

Alasiri ile Mwamvua alimpata Ngassa, mbeba mizigo aliyekuwa amerudi kutoka Geita. Alimkuta kibarazani kwake anatoa funza vidoleni, akamuuliza habari za mumewe.

"Shaaban mwenye kuuza kahawa?" Ngassa alifikiri. "Tulikuwa naye shimo moja. Lakini hayupo tena pale. Mguu ulimvimba, kidonda kikatoa harufu, wakamwondoa kambini. Wagonjwa wanakwenda wapi, mimi sijui."

"Lakini alikuwa hai?"

"Alikuwa akitembelea fimbo," Ngassa akasema, akarudi kwenye kidole chake.

*

Siku iliyofuata Mwamvua alisimama mbele ya sufuria kwa mara ya tatu. Watoto wake wawili, Mwahija na mdogo wake, aliwaacha nyumbani wamelala, maana mchana huo mdogo alikuwa hataki tena kusimama. Bi Mwaisha alimwona, akashusha pumzi, akafungua kinywa.

"Nimepata habari za Shaaban," Mwamvua akamwahi. "Hayupo."

Baadaye watu walimuuliza sana kama alikusudia. Yeye mwenyewe hakujua la kuwajibu. Alijua neno alilolisema, na alijua Ngassa alilisema neno hilohilo. Alijua pia kwamba baada ya neno hilo alinyamaza, na kwamba angeweza kuongeza mengine.

Kata ilianguka ndani ya uji. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun!" Bi Mwaisha alimaka, na kabla Mwamvua hajajua la kufanya, kichwa chake kilikuwa kimekandamizwa kwenye kifua cha yule mama, kifua kinachonuka moshi na mtama. Wanawake waliokuwa safuni wakaweka mabakuli chini, wakaanza kulia. Mmoja akasema kifusi, wapi machimbo yasiyo na kifusi. Mwingine akasema ndiyo, hata yeye alisikia shimo limeanguka. Mpaka Mwamvua anainua uso, mumewe alikuwa amekwisha kufa kwa kifusi na hapakuwa na wa kumfufua.

Mambo yakaenda kwa kawaida yake. Mwalimu Zamoyoni, aliyekuwa akisalisha msikitini, akamsalia Shaaban sala ya maiti asiyekuwapo. Ikasomwa hitima ya kahawa chungu, kwa sababu sukari haikuwapo. Mwamvua akavishwa kaniki, nywele zikafumuliwa, akawekwa eda. Na kwa kuwa mwanamke wa eda hatoki kuzurura mbele za watu, uji ukawa unamfuata nyumbani. Bi Mwaisha mwenyewe aliubeba, chungu kichwani, na kila alipofika alihakikisha watoto wanakula mbele yake. "Yatima haoni haya kula," alisema, akiwapangusa midomo.

Baada ya siku chache yule mdogo aliamka akamfukuza kuku wa jirani. Mwamvua alimtazama kutoka mlangoni. Alifurahi mpaka akaogopa.

*

Mageni alikuja kutoa pole. Aliketi karibu na mlango, akamweka Mabula mapajani. Shingo ya mtoto ilikuwa nyembamba na macho yake yamekuwa makubwa.

"Pole, mayu. Amekufaje?"

"Sijui vizuri."

"Amezikwa wapi?"

"Hukohuko."

"Nani alimwona?"

Mwamvua alichukua uji uliobaki wa jioni, akaumimina nusu kwenye kibuyu cha Mageni. Mageni alimnywesha mtoto kwanza, taratibu, kwa kidole. Alipomaliza akasema bila kumtazama mwenzake, "Kwa hiyo na mimi nimwue wangu?"

"Mageni!"

"Sikulaumu. Nauliza tu. Kwetu, ukimtaja mtu kuwa amekufa, mauti inasikia jina, inamfuata. Siwezi." Akakung'uta kibuyu. "Lakini uji wako nitakunywa."

Tangu siku hiyo alikuwa akija kila jioni. Hakuomba, hakutishia, hakulizungumza tena jambo lile. Kila adhuhuri alikwenda kwanza msikitini, akaulizwa habari ya mumewe, akasema yupo, akarudishwa. Jioni akapita kwa Mwamvua kuchukua nusu yake. Watoto wa Mwamvua wakala pungufu, naye mwenyewe akala ukoko wa chungu. Siku nyingine hakula kabisa.

*

Shaaban aliingia kwa mlango wa uani, asubuhi, wakati watu wa mtaa wamekwenda kutafuta mboga za porini. Fimbo ilikuwa kwapani, na mguu wa kushoto umefungwa majani na kitambaa cha gunia. Alikuwa amekonda hata meno yamekuwa mengi. Alimkuta mkewe amekaa juu ya mkeka na kaniki yake, nywele zimetimka.

"Nani amefariki?" aliuliza kabla ya salamu.

Mwamvua alikuwa amejiwekea maneno mengi kwa ajili ya siku kama hii, na yote yalimtoroka.

"Wewe," akasema.

Alimweleza. Shaaban alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, mdomo wazi. Mkewe alipofika penye hitima, akamkatiza.

"Nani alinisalia?"

"Mwalimu Zamoyoni. Msikiti ulijaa."

"Ulijaa?" Ilikuwa kama imempendeza. Kisha uso ukakunjamana. "Umeniuza kwa uji, Mwamvua."

"Nimekuuza kwa uji wa wanao. Kama ulikuwa na bei nyingine, ungeileta."

Hakuwa na kitu. Kipande chake, kadi ya kuhesabia siku za kazi, hakikujaa, akaeleza. Siku alizolala na mguu hazikuhesabiwa, na asiyejaza kipande halipwi. Alitembea kutoka Geita kwa kuombaomba, akalala Ushirombo kwenye misheni, akapewa viazi, akaendelea. Njia nzima alikuwa akifikiria nyumbani kwake, jinsi atakavyopokewa.

Watoto walikuwa wamemng'ang'ania mguu mzima. Aliwapapasa mbavu mmoja mmoja, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni, akaona kwamba hawakukonda kama alivyotazamia. Hapo ndipo alipolielewa jambo lote.

"Basi nirudi," akasema kwa sauti ya chini. "Hakuna aliyeniona. Nikionekana, uji unakatika. Mniache nife mpaka mvua zinyeshe."

Mwamvua alilipima neno hilo. Miaka mingi baadaye alikuwa amekwisha kuchoka kuuonea haya uongo wake, lakini hili bado lilimchoma: kwamba mumewe alisimama mbele yake hai, naye akapima kama amruhusu kuondoka. Aliutazama mguu. Akatazama watoto. Akahesabu moyoni ni umbali gani mtu mwenye mguu ule angeweza kwenda kabla hajawa maiti kweli.

"Keti," akamwambia.

Hakuwahi kuketi. Nje sauti ilipiga hodi, na Shaaban, kwa woga ambao hata yeye hakuujua ulitoka wapi, akajivuta nyuma ya mkeka uliotundikwa kugawa chumba, na Mwamvua akawasukuma watoto uani.

*

Bi Mwaisha alikuja mapema siku hiyo. Alitua chungu, akatoa kwenye upindo wa kanga kifurushi cha majani ya mgomba. Ndani yake palikuwa na kipande cha nyama kisichozidi kiganja.

"Mtu alichinja mbuzi wa sadaka. Nimewafichia watoto." Akaketi kwa kuguna, akashika magoti. "Watoto wako nje?"

"Wako uani, Mama."

"Na wewe, unalala? Mimi mwaka wa kwanza sikulala. Nilikuwa nikigeuka nashika mto. Usimwambie mtu; mwanamke mzima kama mimi." Akajifuta jicho kwa kiganja, akacheka kidogo kwa aibu. "Nimekuja kukwambia usione haya kula. Wanaosema maneno waache. Maadamu kata iko mkononi mwangu, mjane wa Shaaban hatalala njaa."

Mwamvua aliitazama ile nyama. Kama yule mama angekuja kumtukana, pengine angestahimili.

"Mama," akasema, "Shaaban yupo."

Bi Mwaisha alitikisa kichwa kwa huruma. "Yupo, mwanangu. Waliokufa hawaendi mbali. Marehemu wangu nilikuwa namsikia anakohoa uani."

"Mama, yupo nyuma ya mkeka."

Mkeka ukasogea, na Shaaban akatokeza, mkono mmoja ukutani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," Bi Mwaisha akaitika kwa mazoea, kisha ndipo akauziba mdomo wake kwa mikono yote miwili.

Hakupiga kelele. Alimtazama yule mtu kuanzia kichwani mpaka kwenye majani ya mguu, akamgeukia mkewe. Mwamvua akaanza kueleza, maneno yakapandana: neno la Ngassa, mtoto aliyeshindwa kusimama, siku mbili za kurudishwa. Bi Mwaisha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuja hapa kila siku kwa miguu yangu," akasema. "Mambo ya mume wangu sijamwambia mtu ila wewe."

Akafunga tena majani juu ya nyama. Akachukua chungu.

"Hiki ni cha mjane," akasema, akatoka nacho. Watoto, waliokuwa wameingia kwa harufu, walikifuata chungu kwa macho mpaka kona ya njia.

*

Mwamvua hakukaa. Alitoka vilevile na kaniki yake, mchana kweupe, na mitaani watu wakamshangaa mwanamke anayevunja eda bila hata kujifunika uso. Alipofika msikitini safu ilikuwa tayari imepangwa. Bi Mwaisha alikuwa anakoroga, macho yako ndani ya sufuria.

"Mume wangu yuko hai," Mwamvua akasema kwa sauti ili asilazimike kurudia. "Yuko nyumbani, mgonjwa wa mguu. Nimekula uji wa mjane na mimi si mjane."

Ua ulichafuka. Wengine walimwita mwongo, wengine mchawi. Mzee mmoja akauliza kama sala ya maiti waliyoisali imekwenda wapi sasa. Kuna mtu aliyecheka, kicheko kikaenea, na kwa Mwamvua hicho kilikuwa kibaya kuliko matusi. Mwalimu Zamoyoni akatoka ndani akainua mkono.

"Ulituambia amekufa?"

"Nilisema hayupo, Mwalimu."

"Basi ni sisi tuliosema amekufa?"

"Ni ninyi. Na mimi nikawaacha mseme."

Mwalimu alizivuta ndevu zake. Alikuwa mtu wa haki, na hakuiona haki iko upande gani. Akamtazama Bi Mwaisha, naye Bi Mwaisha akaendelea kukoroga.

Mageni ndiye aliyesogea. Alikuwa penye wigo, mahali pake pa kila siku, mtoto mgongoni. Hakuwahi kusema zaidi ya neno moja pale uani, na watu wakanyamaza kwa mshangao tu.

"Mimi nasema kweli hapa kila siku," akasema. "Mnaniuliza mume, nasema yupo. Kweli yangu haikunipa hata ukoko. Aliyemlisha mtoto wangu ni huyu mwongo, kila jioni, nusu ya bakuli lake." Akamweka Mabula vizuri mgongoni. "Sasa mmemkamata. Niambieni basi, mimi nitakula wapi?"

Kuni zililia motoni. Bi Mwaisha aliinua kata, akaiacha ichuruzike, akaitazama kana kwamba anaona jinsi ilivyo ndogo.

"Lete bakuli," akamwambia Mageni.

Akalijaza. Kisha akanyoosha mkono kwa aliyefuata, na siku hiyo hakuulizwa mtu habari ya mume. Uji ukaisha kabla ya safu kwisha. Bibi vizee wawili, wajane wa kweli, wakaondoka na mabakuli makavu wakilalamika njia nzima kwamba waongo wamekula haki yao, na hakuna aliyeweza kuwaambia wamekosea. Kesho yake Bi Mwaisha akaongeza maji. Uji ukawa mwepesi, mtu anaona chini ya bakuli lake kabla hajanywa, lakini ukafika mwisho wa safu. Mwenye duka mmoja akasema hakutoa gunia lake ili kuwalishia wachimba dhahabu wake zao, akaacha kutoa. Mwalimu Zamoyoni alimfuata mara mbili kumsihi. Mara zote mbili aliambiwa yuko safarini.

Bi Mwaisha hakumsamehe Mwamvua kwa maneno. Mwamvua alianza kuteka maji ya jiko, bila kuagizwa, na aliyatua pale penye mafiga bila kusemeshwa. Baadaye sana, karibu na mvua, Bi Mwaisha alimwambia mtungi wake unavuja. Yalikuwa maneno ya kwanza baina yao.

Shaaban naye alikokotwa kwenda kukaa safu ya wagonjwa. Watu walikuja kumtazama kama kitu cha maonyesho. "Marehemu, sogea kidogo," walimwambia, naye akasogea. Siku za kwanza alicheka pamoja nao.

*

Jioni moja, jua likiwa linashuka, Shaaban alikuwa ameketi kibarazani amenyoosha mguu. Kidonda kilikuwa kimeanza kukauka pembeni. Siku hiyo alikuwa amenyamaza tangu waliporudi kutoka jikoni. Mwamvua alikuwa anachambua mlenda wa porini, majani machache ndani ya ungo mkubwa.

"Waliposoma hitima," Shaaban akasema, "ulinililia?"

Mikono ya Mwamvua iliendelea na majani.

"Nililia watu wakinitazama, kwa kuwa ilinibidi," akasema. "Halafu wakaondoka, nikaendelea."

Msikitini palikuwa pameanza kuadhiniwa. Shaaban akaomba maji ya kutawadha, na Mwamvua akaacha ungo, akamletea kata moja iliyobaki mtungini. Akamchuruzishia kiganjani kidogo kidogo ili yatoshe, naye akainama, akauosha uso wake mara tatu.